Februari 2 ina wenyewe: majibu kwa maswali yenu

Kila Februari inapoanza napokea picha zilezile zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: "Leo ni Siku ya…", chini yake ua au mshumaa. Aliyeitengeneza hatajwi. Mwaka hautajwi, wala nchi. Wiki hii zimefika nyingi kuhusu Februari 2, na maswali yakaja nyuma yake. Nimechagua haya. Ambaye swali lake halimo, ajue nalijibu kila mwaka.

SWALI: Shikamoo. Naishi Minneapolis na wanangu wawili. Wamerudi shuleni wanasema kuna mnyama huko Pennsylvania ametoka shimoni alfajiri, ameona kivuli chake, kwa hiyo baridi itaendelea wiki 6 zaidi. Wananiuliza kama ni kweli. Niwaambie nini? (Mama wa wawili, Minneapolis)

JIBU: Marahaba mwanangu. Waambie habari yote, maana ni nzuri kuliko hicho kipande walichopewa.

Mnyama huyo ni marmoti, wa ukoo wa kindi ila mnene kama pimbi aliyeshiba, anayelala shimoni majira yote ya baridi. Mji wake ni Punxsutawney, na kilima anachotolewa kinaitwa Gobbler's Knob. Watu walianza kupanda kilima hicho kwa shughuli hiyo mwaka 1887. Leo wanakwenda maelfu, gizani, kwenye theluji, na wazee wa chama chao wamevaa kofia ndefu nyeusi. Akiona kivuli, baridi inaendelea wiki 6. Asipokiona, majira ya machipuko yako karibu.

Lakini imani yenyewe haikuzaliwa Marekani. Walikuja nayo wahamiaji wa Kijerumani waliokaa Pennsylvania. Kwao Ujerumani mnyama aliyetazamwa alikuwa mwingine, wa ukoo wa nyegere. Na nyuma ya mnyama kuna kanisa: Februari 2 ni siku ya 40 tangu Krismasi, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, siku ya kubariki mishumaa. Wakulima wa Ulaya walikuwa na msemo kwamba siku ya mishumaa ikiwa na jua, baridi bado ndefu. Msemo huo haukutoka hewani tu, kwa sababu katikati ya majira ya baridi anga jeupe mara nyingi huja na baridi kali, na mawingu huja na afueni. Walichokosea ni kuichukua asubuhi moja na kuifanya msimu mzima.

Sasa kaa na watoto mezani na kalenda. Hesabuni wiki 6 kutoka Februari 2: mtafika Machi 16, au 15 kama mwaka una siku 366. Mchana na usiku hulingana Machi 20 au hapo karibu, na kwa hesabu ya jua ndipo majira ya baridi yanapokwisha huko kaskazini. Kwa hiyo kivuli kionekane kisionekane, wiki 6 zilikuwa zinabaki tangu mwanzo. Waliolinganisha utabiri wake na vipimo vya joto wamemkuta akipatia chini ya mara moja katika mbili. Na nyinyi wa Minnesota mnajua theluji ya Aprili. Msiyaweke makoti kabatini.

SWALI: Nimesoma mtandaoni kuwa "mnyama mtabiri wa Marekani ametangaza masika ya mapema". Mimi nina ekari 3 za mahindi. Nianze kutayarisha shamba? (Mkulima, Handeni)

JIBU: Hapana. Na ndugu yangu, hasira yangu si kwako. Ni kwa aliyeandika sentensi hiyo.

Masika ni mvua zetu za Machi hadi Mei. Anayajua hata mtoto wa Handeni. Majira ya nchi za kaskazini ambayo theluji inayeyuka na miti inatoa majani mapya si masika, ni majira ya machipuko. Kwa miaka mingi vitabu vya shule na kamusi vimechukua majina yetu ya majira, kiangazi, vuli, kipupwe na masika, vikayavika majira ya Ulaya kama nguo ya kuazima. Mwanafunzi anakariri kwamba vuli ni wakati wa majani kupukutika, wakati mama yake hapo nyumbani anapanda mbegu za vuli kwa mvua za Oktoba. Nimelisema hili na nitaendelea kulisema. Mwandishi anayetafsiri habari ya hali ya hewa bila kujua neno masika lina uzito gani kwa mtu mwenye jembe, anacheza na chakula cha watu. Mbegu iliyowahishwa ardhini kwa sababu ya marmoti hairudishwi na mtu.

Kila mwaka kabla ya msimu Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa mvua za masika, mkoa kwa mkoa. Usubiri huo, kisha umwulize na bwana shamba wako.

Na kama unapenda elimu ya wazee, huna haja ya kwenda Pennsylvania. Watu wa pwani walikuwa na kalenda ya jua inayoanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya, ileile ambayo Makunduchi wanaiadhimisha kwa Mwaka Kogwa kila Julai. Walihesabu siku tangu Nairuzi kwa makumi, kila kumi likaitwa mwongo, na kwa miongo hiyo nahodha alijua lini kaskazi itachoka na kusi itashika, na mkulima alijua lini afyeke. Ilikuwa hesabu ya siku 365 iliyotazama pepo na mvua za mahali hapo, watu wakaisahihisha kwa macho yao kizazi baada ya kizazi. Wanaoweza kuhesabu miongo kwa kichwa wanapungua. Mwenye babu anayejua, aandike leo.

SWALI: Ni kweli Februari ikiwa na Jumapili 4, Jumatatu 4, mpaka Jumamosi 4, hutokea mara moja tu kwa miaka 823? Nimeambiwa niwatumie watu 10. (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Si kweli. Siku 28 ukigawa kwa 7 unapata 4. Kila Februari ya siku 28 iko hivyo, tangu kabla babu yako hajazaliwa. Swali hili limeshafika kwangu mara nyingi kuliko jingine lolote, na kila mara kutoka kwa mtu mwenye kalenda ukutani. Usimtumie mtu yeyote.

Ukitaka tarehe adimu kwa haki, chukua 02/02/2020. Inasomeka vilevile mbele na nyuma, utangulize siku, mwezi au mwaka. Iliyotangulia ya namna hiyo ilikuwa 11/11/1111, na ijayo ni 12/12/2121.

SWALI: Februari 2 ni mapumziko? (Mwajiriwa, Dodoma)

JIBU: Hapana. Nenda kazini.

SWALI: Hapa kwetu tumeambiwa tuandamane na mabango Siku ya Ardhioevu Duniani, na kwenye bango kuna jina Ramsar. Ramsar ni nani? (Msomaji, Ifakara)

JIBU: Si mtu, ni mji. Ramsar uko Iran, ufukweni mwa Bahari ya Kaspi. Hapo Februari 2, 1971 nchi zilitia saini mkataba wa kulinda ardhioevu, yaani mabwawa, mabonde ya mafuriko, mikoko, maziwa ya chumvi, kila mahali ambapo maji na nchi kavu vinagawana ardhi. Siku yenyewe ilianza kuadhimishwa 1997, na mwaka 2021 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaifanya siku rasmi ya Umoja huo. Mnaona? Hii ni siku yenye wenyewe. Ukiuliza nani, wapi na lini, unajibiwa.

Uganda ilitutangulia kwa kuliorodhesha Ziwa George mwaka 1988, Kenya ikafuata na Nakuru mwaka 1990. Tanzania iliingia mwaka 2000 na bonde la Malagarasi na Moyovosi, hekta zaidi ya milioni 3. Baadaye tukaongeza Ziwa Natron, ambako heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanazaliana, kisha bonde la Kilombero, kisha Rufiji, Mafia na Kilwa. Kwa hiyo wewe unayeniuliza kutoka Ifakara umekaa juu ya jibu lako mwenyewe. Bonde lenu limo kwenye orodha ya dunia tangu 2002.

Na hapa sitakuacha na historia tu. Kilombero ndio mto unaoupa Rufiji maji mengi kuliko tawimto lingine lolote. Mashine za umeme za Bwawa la Julius Nyerere zinakunywa humo, na mikoko ya delta kule chini inaishi kwa tope linalopita kwenu. Sheshe, yule swala wa mabondeni, makao yake makuu duniani yalikuwa kwenye majani yenu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Nimesimama kwenye kingo za mito zaidi ya mmoja nchini nikakuta mpunga umepandwa hadi maji yanapogusa, na ng'ombe wamekanyaga ukingo ukawa uwanja. Siku ya maadhimisho fulana zinagawiwa, wageni wanapiga picha, saa 8 mchana mahema yanakunjwa. Mkiandamana, bebeni na kamba ya mita 60. Ipimeni mbele ya mgeni rasmi, kutoka kwenye maji kwenda shambani, watu wote waone inapoishia.

SWALI: Mwalimu wa mwanangu amewaambia kuwa Februari 2, 1990 ndiyo siku Mandela alipotoka gerezani. Mimi nakumbuka tofauti. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Unakumbuka sawa. Februari 2, 1990 ilikuwa Ijumaa. Rais F. W. de Klerk wa Afrika Kusini alifungua Bunge mjini Cape Town akatangaza kuondolewa marufuku kwa vyama vya ukombozi vya ANC na PAC na kwa Chama cha Kikomunisti, na kwamba Mandela ataachiwa. Mandela mwenyewe alitoka Februari 11, Jumapili. Siku 9 katikati si kitu kidogo: Februari 2 watawala walikubali, Februari 11 mtu akatembea kwa miguu yake nje ya lango.

Na kwa mtu wa Morogoro tarehe hizi si za mbali hata kidogo. ANC ilifanya mkutano wake mkubwa mjini kwenu mwaka 1969. Mazimbu palijengwa shule ya watoto wa wakimbizi wa Afrika Kusini, ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Aprili 6, 1979. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa kwa serikali yetu, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Kuna makaburi pale. Mwombe mwalimu awapeleke watoto wakasome majina yaliyoandikwa, kisha warudi darasani kuzungumza habari za Februari 2. Wengi wa waliozikwa Mazimbu hawakuisikia hotuba ile.

SWALI: Tunabishana kijiweni. Idi Amin aliipindua serikali ya Obote Januari 25 au Februari 2? (Kijiwe cha kahawa, Bukoba)

JIBU: Mapinduzi ni Januari 25, 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Februari 2 ndipo Amin alipojitangaza rais. Siku ileile ya Ramsar. Nyinyi wa Kagera hamhitaji kuambiwa ni ipi kati ya hizo mbili iliyowagharimu zaidi miaka 7 baadaye.

SWALI: Nilisoma Moscow. Wenzangu Warusi wanasherehekea siku ya mishumaa Februari 15, wala si Februari 2. Nani kakosea? (Mhandisi, Mombasa)

JIBU: Hakuna aliyekosea. Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi linafuata kalenda ya Julius, ambayo sasa iko nyuma kwa siku 13. Februari 2 yao inaangukia Februari 15 ya kalenda ya ukutani.

Papa Gregory XIII alirekebisha kalenda mwaka 1582. Oktoba 4 ikafuatwa na Oktoba 15. Uingereza ilikataa mpaka 1752, ikaruka kutoka Septemba 2 hadi Septemba 14. Urusi ilingoja mapinduzi ya Lenin: Januari 31, 1918 ikafuatwa na Februari 14. Maana yake Urusi ya mwaka 1918 haikuwa na Februari 2 hata kidogo. Mtu akikuletea "tukio la Petrograd la Februari 2, 1918", muulize kwa kalenda ya nani.

Lakini usivuke mpaka ukaanza kuongeza siku 13 kwa kila tarehe ya Urusi, kama nilivyoona watu wakifanya. Vita vya Stalingrad vilikwisha Februari 2, 1943, na wakati huo kalenda ilikuwa imeshabadilika miaka 25. Hapo kosa la watu ni jingine. Jemadari Paulus, kamanda wa Wajerumani, alikamatwa Januari 31, kwa hiyo wengine huandika vita viliisha siku hiyo. Kikosi cha Wajerumani upande wa kaskazini mwa mji kiliendelea kupigana, kikasalimu amri Februari 2. Wajerumani wapatao 91,000 walichukuliwa mateka kwenye baridi ile, na waliorudi kwao hawakuzidi 6,000.

SWALI: Kwa nini huku Wafaransa wanakula chapati za maji siku hiyo? (Mwanafunzi, Lyon)

JIBU: Ni sikukuu hiyohiyo ya mishumaa, kwao Chandeleur. Chapati ya duara na ya dhahabu huelezwa kuwa mfano wa jua linalorudi. Wenye kushika mila huigeuza hewani kwa mkono mmoja, mwingine umekamata sarafu, kuomba mwaka wenye riziki. Ukialikwa, nenda.

SWALI: Nina mgahawa. Nimeona Marekani wana siku ya kitaifa ya vijipande vya viazi vya kukaanga, Februari 2, pia siku ya kalunguyeye. Nataka kuanzisha Siku ya Mandazi Duniani. Nasajili wapi? (Mfanyabiashara, Nairobi)

JIBU: Hakuna pa kusajili, na ndiyo maana nakusihi uwe mwangalifu na hilo neno "Duniani".

Mwaka 1957 ndugu wawili wa Flint, Michigan, William na Harrison Chase, walianza kukusanya siku za maadhimisho za Marekani katika orodha moja ya kila mwaka. Walikuwa wanaorodhesha, hawakuwa wanatangaza. Wafanyabiashara wakaona njia: ukiingia kwenye orodha, magazeti yanakuandika bure. Bunge la Marekani nalo lilikuwa likipitisha maazimio ya siku hii na wiki ile kwa wingi, hadi mwaka 1995 Baraza la Wawakilishi lilipojipigia marufuku kwa sababu yalikula muda wa kazi. Tangu hapo "siku ya kitaifa" nyingi unazoziona zimetokana na kampuni, chama cha wauzaji au mtu mmoja mwenye tovuti. Hazina sheria nyuma yake. Haina ubaya kusherehekea mandazi. Ubaya ni kumfanya mteja aamini kwamba dunia imekaa kikao.

Linganisha na Siku ya Kiswahili Duniani, Julai 7. UNESCO iliipitisha Novemba 2021 katika Mkutano wake Mkuu, nchi zikiwa zimekaa. Tarehe ilichaguliwa kwa kuwa Julai 7, 1954 TANU ya Mwalimu Nyerere ilikitangaza Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru. Kila kipande cha siku hiyo kina mwenyewe. Na bado kila Julai naona mabango yenye makosa ya ngeli yakiitangaza.

Wewe andika "Siku ya Mandazi, mgahawa wetu, tumeanzisha wenyewe". Weka iliki ya kutosha. Watu watakuja.

SWALI: Assalamu alaykum. Nimerithi daftari la babu aliyehamia huku kutoka Unguja. Limeandikwa mama yangu alizaliwa "usiku wa Ijumaa" na tarehe ya hijria. Nikigeuza kwenye simu napata Alhamisi. Daftari limekosea? Tunataka kumfanyia dua siku sahihi. (Msomaji, Muscat)

JIBU: Wa alaykum salaam. Daftari liko sawa, na nimelifurahia swali lako kuliko yote ya wiki hii.

Kwa wazee wa pwani, kama ilivyo katika hijria, siku huanza jua linapotua. Magharibi ya Alhamisi ikiingia, Ijumaa imeshaanza, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni huu unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kalenda ya ukutani huhesabu siku kwa usiku wa manane. Babu alihesabu kwa jua, sawa na anayesema saa 1 usiku akimaanisha saa ya kwanza ya giza. Siku hizi tunalazimika kusema "usiku wa kuamkia Ijumaa" ili tuelewane, na vijana wengi wakisikia "usiku wa Ijumaa" wanafikiria jioni baada ya sala. Nimeona tarehe za vifo na ndoa zikisogezwa siku nzima kwenye historia za familia kwa sababu hiyo tu.

Jambo la pili: programu za kugeuza tarehe hutumia hesabu, ilhali babu alifuata mwezi ulioandama machoni mwa watu wa mji wake, hivyo tofauti ya siku moja ni ya kawaida. Panapogongana, ishike siku ya wiki. Mtu husahau tarehe, lakini hasahau kwamba mtoto alizaliwa mkesha wa Ijumaa. Tarehe yenu ya kalenda ya ukutani iandikeni hivi: "Alhamisi baada ya magharibi, kuamkia Ijumaa", na pembeni hijria kama babu alivyoiandika, bila kuibadili. Kisha piga picha kila ukurasa wa daftari hilo, na kama yupo shangazi au bibi aliyekuwepo wakati ule, mpigie leo umuulize mvua ilikuwa inanyesha au la.